Leseni ya fiziotherapia Marekani: Mipaka ya kazi hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo

MTU anayeumwa na mgongo mjini Houston, jimboni Texas, anaweza kwenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa fiziotherapia bila barua ya daktari. Hata hivyo, siku 10 za kazi zikishapita, au 15 iwapo mtaalamu huyo ana mafunzo ya ziada, tiba sharti isimame hadi daktari aidhinishe iendelee.

Mwenye maumivu kama hayo mjini Los Angeles, jimboni California, hupewa siku 45 au kutibiwa mara 12, kutegemea lipi litatangulia. Katika jimbo la New York mpaka ni siku 30 au mara 10, na mtaalamu anayemhudumia lazima awe amefanya kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka mitatu. Huko Nebraska mpaka wa aina hiyo haupo kabisa.

Mgongo ni ule ule na mazoezi ya kuutibu ni yale yale. Kinachotofautiana ni sheria. Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa, ambaye huenda akakatiziwa tiba katikati, na pia kwa mamia ya wahitimu wa nchi za nje, wakiwemo Wakenya, wanaotamani kufanya kazi hiyo Marekani.

Chanzo cha hali hii ni muundo wa taifa hilo. Katiba ya Marekani haikuikabidhi serikali kuu jukumu la kutoa leseni za taaluma, hivyo kila jimbo hujitungia sheria yake. Mnamo 1889, katika kesi kati ya Dent na jimbo la West Virginia, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishikilia kuwa jimbo lina haki ya kumzuia asiyefuzu kufanya kazi ya udaktari, kwa sababu ni wajibu wake kulinda afya ya raia. Msingi huo ndio uliojengewa leseni za taaluma nyingine za tiba.

Taaluma ya fiziotherapia yenyewe ilipata nguvu nchini humo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wanawake walipofunzwa kuwasaidia wanajeshi waliojeruhiwa kurejesha nguvu za viungo. Chama chao kiliundwa mnamo 1921. Enzi hizo walifanya kazi chini ya amri ya daktari, naye ndiye aliyeamua nani atibiwe, vipi na kwa muda gani. Historia ya leseni tangu hapo ni historia ya kujinasua hatua kwa hatua kutoka kwa amri hiyo.

Leo kila jimbo lina bodi au idara inayosimamia taaluma hii. Kwa kawaida bodi huwa na wataalamu wa fiziotherapia pamoja na wawakilishi wa umma. Kazi yake ni kutoa leseni, kufafanua sheria, kupokea malalamishi ya wagonjwa na kuwaadhibu wanaokiuka maadili, hata kwa kuwapokonya leseni.

Anayetaka leseni huanzia chuoni. Tangu 2016, vyuo vya Marekani vinavyotambuliwa rasmi hutoa mafunzo hayo katika kiwang'o cha shahada ya uzamifu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Mhitimu huitwa daktari wa fiziotherapia, lakini cheo hicho hakimpi ruhusa ya kufanya upasuaji.

Hatua ya pili ni mtihani wa kitaifa, ambao huandaliwa na shirikisho la bodi za majimbo lenye makao yake Alexandria, Virginia. Alama hutolewa kwa kipimo cha kati ya 200 na 800, na anayepata 600 ndiye aliyefaulu. Mtahiniwa haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara tatu katika miezi 12, wala zaidi ya mara sita maishani mwake.

Mtihani huo ni mmoja kwa nchi nzima, na kwa hivyo huenda mtu akadhani leseni nayo ni moja. Sivyo. Aliyefaulu bado huomba leseni katika jimbo analotaka kufanyia kazi. Baadhi ya majimbo, kama vile Texas na California, humtahini pia kuhusu sheria zake, na mengi humchunguza iwapo amewahi kupatikana na hatia ya jinai.

Leseni nayo haidumu milele. California na Texas humtaka mtaalamu ajiongezee elimu ya saa 30 katika kila miaka miwili, ilhali New York hudai saa 36 katika kila miaka mitatu. Asiyetimiza masharti hayo hapaswi kuendelea kuhudumia wagonjwa.

Je, mwenye leseni anaruhusiwa kufanya nini? Katika majimbo yote anaweza kumpima mgonjwa, kubaini kasoro katika misuli, viungo na mwendo wake, kupanga tiba, kumfanyisha mazoezi, kumkanda na kumfunza jinsi ya kujitunza. Kwa jumla haruhusiwi kupasua wala kuandikia mgonjwa dawa. Ubishi huzuka katika eneo lililo kati ya mambo hayo mawili.

Suala lililozusha mvutano wa muda mrefu zaidi ni la mgonjwa kumwendea mtaalamu bila kupitia kwa daktari. Nebraska iliruhusu jambo hilo mapema, mnamo 1957. Majimbo mengine yalifuata polepole mno, hata ikachukua zaidi ya nusu karne kabla ya Michigan, iliyopitisha sheria yake mnamo 2014, kukamilisha orodha ya majimbo yote 50. Michigan nayo iliweka mpaka wa siku 21 au kutibiwa mara 10.

Wanaopinga uhuru huo husema kwamba si kila maumivu ya mgongo hutokana na misuli. Saratani iliyoenea hadi kwenye mifupa, mfupa uliovunjika au uambukizo katika uti wa mgongo vinaweza kujificha nyuma ya maumivu yanayoonekana kuwa ya kawaida. Kwa maoni yao, daktari ndiye mwenye vifaa na ujuzi wa kuyatambua hayo mapema.

Wanaouunga mkono hujibu kwamba wataalamu wa fiziotherapia hufunzwa kutambua dalili hizo za hatari na kumpeleka mgonjwa kwa daktari. Miongoni mwazo ni kukonda bila sababu, maumivu yasiyotulia hata usiku, kushindwa ghafla kuzuia mkojo, na ganzi katika sehemu za siri na mapajani. Aidha, wanasema kwamba kumtaka kila mgonjwa atafute barua kwanza humwongezea gharama na kumchelewesha, huku kiungo kikizidi kukakamaa.

Kila upande una hoja. Lakini ni vigumu kuitetea idadi ya siku kwa hoja za kitabibu pekee. Ikiwa hatari ya kutotambua saratani ndiyo sababu ya mpaka, haieleweki ni kwa nini hatari hiyo ianze siku ya 11 jijini Houston na siku ya 46 jijini Los Angeles. Idadi hizo hukubaliwa katika mabunge ya majimbo, ambako vyama vya taaluma mbalimbali hufika kutetea maslahi ya wanachama wao.

Isitoshe, ruhusa ya sheria si ruhusa ya mlipaji. Kampuni ya bima inaweza kudai barua ya daktari hata pale ambapo jimbo halidai. Bima ya serikali kuu ya wazee, iitwayo Medicare, haimlazimishi mgonjwa kumwona daktari kabla ya kuanza tiba, lakini mpango wa tiba hauna budi kuwa chini ya uangalizi wa daktari au mhudumu mwingine anayekubalika.

Mvutano wa pili unahusu sindano. Wataalamu wengi wa fiziotherapia hudunga misuli iliyokaza kwa sindano nyembamba isiyo na dawa ili kuilegeza. Matabibu wa sindano wa mtindo wa Kichina husema kuwa hiyo ni kazi yao iliyopewa jina jipya, na kwamba wanaoiiga hawakufunzwa vya kutosha.

Jimboni North Carolina mzozo huo ulifika mahakamani baada ya bodi ya fiziotherapia kusema kuwa wenye leseni yake wanaruhusiwa kutumia sindano hizo. Bodi ya matabibu wa sindano ilishtaki, na mnamo Desemba 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba bodi ya fiziotherapia haikukiuka sheria. California, kwa upande wake, haiwaruhusu wataalamu hao kudunga misuli kwa lengo hilo. Kwa hivyo, tendo linalolindwa na mahakama katika jimbo moja linaweza kumgharimu mtu leseni yake katika jimbo jingine.

Mifano mingine ipo. Wisconsin iliwaruhusu wataalamu wa fiziotherapia mnamo 2016 kuagiza picha za eksirei, jambo ambalo majimbo mengi huwaachia madaktari. Jimbo la Washington humtaka mtaalamu apate idhini maalumu kabla ya kunyoosha uti wa mgongo kwa kuusukuma ghafla. Wasaidizi wa fiziotherapia nao hutekeleza mpango uliowekwa na mtaalamu, ila hawana mamlaka ya kumpima mgonjwa upya na kuubadilisha mpango huo.

Swali linalojitokeza ni iwapo mipaka hii humlinda mgonjwa au huwalinda wenye leseni dhidi ya washindani. Mahakama ya Juu ya Marekani ililigusia mnamo 2015 katika kesi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, iliyokuwa imewazuia wasio madaktari kung'arisha meno ya watu. Majaji waliamua kwamba bodi inayotawaliwa na watu walio katika biashara inayosimamiwa haiwezi kujikinga na sheria za ushindani, isipokuwa iwe inasimamiwa ipasavyo na jimbo. Uamuzi huo ulizihusu bodi za taaluma zote.

Ili kupunguza usumbufu, majimbo yameunda mkataba wa pamoja ulioanza kutumika mnamo 2018. Mtaalamu ambaye jimbo analoishi limeutia saini, na ambaye leseni yake haina doa, anaweza kulipia ruhusa ya kufanya kazi katika jimbo jingine lililo ndani ya mkataba. Zaidi ya majimbo 30 yameupitisha, lakini si yote.

Hata hivyo, mkataba huo hauunganishi mipaka ya kazi. Anayevuka mpaka hufuata sheria za jimbo alimo mgonjwa, wala si za jimbo alikotoka. Hali ni hiyo hiyo hata anapomhudumia mgonjwa kupitia simu au kompyuta.

Kwa Mkenya anayenuia kwenda huko, haya yote yana maana moja: achague jimbo kabla ya kufunga safari. Masomo yake hulinganishwa na yale ya Marekani, somo kwa somo, na stashahada pekee kwa kawaida haitoshi. Pengo likipatikana, hutakiwa kulijaza kwanza. Mara nyingi pia huhitajika kuthibitisha umilisi wake wa Kiingereza, hata kama alisoma kwa lugha hiyo tangu shule ya msingi.

Sheria ya uhamiaji ya 1996 iliongeza sharti kwamba mhudumu wa afya kutoka nje awe na cheti cha kuthibitisha elimu na lugha yake. Kwa upande mwingine, fiziotherapia ni miongoni mwa kazi chache ambazo serikali ya Marekani imekwisha kukiri zina uhaba wa watu. Mwajiri hahitaji kuthibitisha upya kwamba amekosa Mmarekani wa kuijaza nafasi hiyo. Lakini mwombaji ambaye bado hana leseni huhitaji barua ya bodi ya jimbo inayoonyesha kuwa amefuzu kufanya mtihani, na hapo ndipo uchaguzi wa jimbo unapokuwa muhimu.

Anayepuuza hatua hizi anaweza kujikuta na uzoefu wa miaka mingi wodini nchini Kenya, ilhali haruhusiwi kujiita mtaalamu wa fiziotherapia Marekani. Kulitumia jina hilo bila leseni ni kosa la kisheria.

Kenya ilifuata njia tofauti. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014 iliunda baraza moja la kitaifa linalosimamia mafunzo, usajili na leseni. Ingawa huduma nyingi za afya ziligatuliwa kwa kaunti 47, leseni haikugatuliwa, na aliyesajiliwa hahitaji leseni nyingine anapohama kutoka Mombasa hadi Busia.

Manufaa yake ni kwamba mgonjwa hana haja ya kukariri idadi ya siku. Lakini leseni, iwe ya jimbo au ya taifa, haina faida iwapo hakuna anayeiulizia. Bodi za Marekani huwawezesha raia kutafuta jina la mtaalamu na kuona ikiwa leseni yake ni halali na iwapo amewahi kuadhibiwa. Mkenya naye ana haki ya kumuuliza anayetaka kumnyoosha shingo au mgongo iwapo amesajiliwa na baraza. Swali hilo huchukua dakika moja tu, ilhali uti wa mgongo ukiumizwa na asiyefuzu, huenda usirejee ulivyokuwa.