Wimbo Usikilizwe Kwanza na Wenyewe

Kila wimbo ninaotunga hupita kwenye baraza moja kabla ya kufika studio, nalo ni baraza la watu ambao habari yao imo ndani. Naenda kwao bila gitaa, nauimba kwa sauti tupu, kisha nanyamaza. Wakisema "ndivyo ilivyokuwa", naendelea na kazi. Wakibadilisha mazungumzo, narudi nyumbani na daftari langu, maana wimbo bado haujawafikia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mtunzi wa nyimbo. Nilizaliwa upande wa Kainam, kwenye milima ya Mbulu, kwa Wairaqw. Nikaolewa Katesh, chini ya Mlima Hanang, na majirani zangu wengi ni Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Kikundi chetu cha akina mama kinaimba Kiswahili, Kiiraqw na Kidatoga. Vijana wanaoanza kutunga huniuliza napata wapi msukumo, wakidhani nitataja ndoto za usiku au kipaji cha kuzaliwa. Mimi nawaambia kwamba Mbulu na Hanang hakuna uhaba wa mambo ya kuimba. Watu wanasema yanayowauma mnadani, kisimani, kilabuni na msibani. Walio wachache ni watunzi wenye subira ya kusikiliza mpaka msemaji amalize.

Dua inayoitikiwa

Nimekulia kwenye slufay. Kwa asiyeijua, hii ni dua ndefu ya Wairaqw inayotolewa na mzee mwenye ulimi mzuri, mara nyingi mkutano unapomalizika au watu wanapokaa pamoja kunywa pombe ya asili. Mzee anaomba mvua, watoto, mifugo na afya, na anayafukuza maradhi na mafarakano yaende mbali na nchi. Kila anapomaliza mstari, watu wote wanaitikia kwa pamoja. Nikiwa mtoto niliona jinsi ugomvi wa mpaka wa shamba, uliowatesa watu mchana kutwa, unavyopoa wagombanao wanapoitikia dua moja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kiitikio kina kazi kubwa kuliko kupamba wimbo. Anayeitikia amekwisha kukubali kwamba jambo lile linamhusu.

Miaka mingi baadaye, darasani, dawati moja lilibaki tupu. Msichana alikuwa amepata mimba. Kwetu jambo hili lina historia nzito. Zamani msichana wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa na mkosi unaoweza kuidhuru nchi nzima, na alitengwa, akaenda kujifungua mbali na nyumba za watu. Desturi hiyo imefifia, lakini macho ya watu hayajabadilika sana. Shuleni nako mlango ulikuwa umefungwa, kwani ni Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi kwenye shule za umma. Tangazo lilifika mpaka vijijini kwetu, ila wazazi wengi waliona aibu kulitumia.

Ningeweza kutunga wimbo wa kuwasuta wazazi hao. Badala yake nilimwendea mzee mmoja anayejulikana kwa slufay, nikamwomba tutunge pamoja. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, hii ni dua. Usiilete kwenye maigizo." Nikamwambia, "Baba, nami nataka tuombe kweli." Alikaa kimya kwa muda, kisha akaanza kwa mvua, kama ilivyo ada. Akaja kwenye ng'ombe, akaja kwenye mtama na mahindi, akaja kwenye watoto. Hapo, katikati ya baraka nyingine zote, akaweka ombi la binti aliyejifungua: apate wa kumlelea mtoto, apate daftari, apate njia ya kwenda shule bila kuchekwa. Tulipoifanya mbele ya wazazi, watu waliitikia mvua, wakaitikia ng'ombe, wakamwitikia na binti. Wachache walisita. Wengi hawakusita, maana waliokuwa wanaombewa ni watoto wao. Wimbo wetu wa baadaye umejengwa juu ya dua ile, na mzee ndiye anayeuanzisha.

Kina mama wa Kibarabaig nao wana nguvu ambayo mtunzi hawezi kuipuuza. Wana baraza lao, girgwageeda gademga, ambalo hukutana mwanamume anapovunja haki ya mwanamke, kwa mfano kumpiga mama aliyetoka kujifungua. Wanawake hukusanyika wenyewe, hulijadili kosa na kumtoza mkosaji faini ya mifugo. Mume hawezi kulidharau, kwa sababu laana ya akina mama huogopwa. Mtu anayedhani nyimbo za kutetea wanawake zililetwa huku na semina aende akakae karibu na baraza hilo.

Makaburi ndani ya ngano

Wimbo ulionichukua muda mrefu kuliko zote unahusu uwanda wa Basotu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa huko chini ya shirika la umma la NAFCO. Yalikuwa mashamba saba, yakienea kwenye eka zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na trekta zilifanya kazi. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wakihamisha mifugo kwa majira, huku kwa masika, kule kwa kiangazi, ili nyasi za kila upande zipate kupumzika. Sehemu iliyolimwa ilikuwa na malisho bora kuliko yote, yale wanayoyaita muhajega. Ilipoondolewa kwenye mzunguko, ng'ombe walibanana kwenye malisho dhaifu mwaka mzima, na udongo wa huko nao ukachoka.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kilipewa ardhi ile kisheria. Wanasheria wa ardhi nchini wanaisoma kesi hiyo mpaka leo.

Hayo yote nilikuwa nayo kwenye karatasi, na sikuwa na wimbo. Wimbo ulianza siku mzee wa Kibarabaig aliponieleza habari za bung'eda. Mzee mwenye heshima akifa, huzikwa kwa maziko yanayochukua miezi. Ukoo hujenga kilima cha udongo juu ya kaburi, huimba, na baadaye hurudi mahali pale kuongea na marehemu na kumwomba. Kaburi hilo ni mahali pa ibada, na pia linaonyesha ukoo umekaa wapi. Trekta zilipolima uwanda, zililima na baadhi ya makaburi hayo. "Mtu akikunyang'anya malisho," mzee aliniambia, "utatafuta mengine. Akilima kaburi la babu yako, utakwenda kuongea na nani?"

Sikuutunga peke yangu. Mimi si Mbarabaig, na huzuni ya mwenzako haichukuliwi kama kuni za porini. Tulikaa na akina mama wa kikundi chetu, nao wakanionyesha jambo ambalo kwenye kitabu nisingelikuta. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana nalo kwa sauti. Hutumia mengine badala yake, na wanawake wote wanayaelewa. Mwimbaji wetu mmoja alifika kwenye mstari wa tatu akanyamaza, maana neno moja lilikaribia sana jina la mkwe wake. Mwenzake aliyekaa kushoto akampa neno jingine papo hapo. Tukaliimba hilo, na ndilo lililo kwenye wimbo mpaka sasa, hata kwa waimbaji ambao hawalazimiki kuliepuka. Naliacha kwa makusudi. Wimbo unaodai heshima kwa waliokufa hauwezi kuanza kwa kuwavunjia heshima walio hai.

Jumapili ya Desemba

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Mlima huu ni volkano iliyolala, una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na sisi tumezoea kuutazama asubuhi kama watu wa mwambao wanavyotazama bahari. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka Gendabi na Katesh mjini. Waliokufa walizidi 80. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari na kuja Katesh. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi, na wazee wakakumbushana kwamba jina hilohilo lilikuwamo kwenye orodha ya mashamba ya ngano.

Wiki ile nilikuwa miongoni mwa akina mama waliofua nguo zilizookotwa. Tulisuuza mara nyingi na maji yaliendelea kuwa meusi. Mifukoni mwa kaptula za watoto mlikuwa na changarawe. Hatukujua nguo ipi ni ya aliye hai na ipi ni ya aliyekufa, kwa hiyo tulizifua zote kwa namna moja, tukazianika zote, tukazikunja zote. Redioni idadi ilikuwa inabadilika kila taarifa ya habari. Mstari ulinijia nikiwa pale kwenye beseni: *Tulilala tukiwa mtaa, tukaamka tukiwa hesabu.*

Sikuuimba hadharani. Niliupeleka kwa mama mmoja aliyepoteza ndugu, nikamwimbia ndani kwake. Akaniambia, "Humo ndani usimlaumu Mungu, na mlima usiutukane. Utaje mtaa wetu." Basi ubeti wa pili unataja njia, duka la kona, bomba la maji na mti tuliokuwa tukipumzikia. Wimbo huo unaimbwa kwenye kumbukumbu, na kila mara ubeti wa pili unapofika watu wanainua vichwa. Wanasikia mahali pao.

Wengine waliopita njia hii

Sisi si wa kwanza. Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye sauti yake ilirekodiwa kwenye santuri kule Bombay mwaka 1928, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, aliimba kisa cha Kijiti. Kijiti alimwua mwanamke mgeni akatorokea bara, na mahakama ikawageukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Kila aliyeusikia wimbo ule mtaani kwa Siti, Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, alijua unamsema nani. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefanya kazi yake kubwa Dar es Salaam, aliimba waziwazi juu ya kondomu wakati UKIMWI unatumaliza, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo huo. Watu waliufuata kwenye madansi.

Mbali zaidi, Ufilipino, kundi la Asin liliimba miaka ya 1970 juu ya mito na hewa iliyochafuka, na juu ya vita katika Cotabato, kusini mwa nchi yao. Sijui Kitagalogi, lakini nikisoma walichokiimba naona mtunzi anayetaja mkoa wake kwa jina na maji yake yalivyo. Ndiyo maana nyimbo zao zilieleweka mbali na nyumbani kwao. Anayeimba "mazingira" kwa ujumla husikilizwa na wachache kuliko anayeuimba mto anaochota maji.

Kwa anayetaka kutunga

Vijana wa Dongobesh, Haydom, Endasak na Basotu, leo mna simu inayorekodi na mna wasikilizaji waliojaa kwenye vibanda vya kuuza kadi za muziki. Nawaomba mambo matatu. Chagueni jambo mnaloweza kulifikia kwa miguu: kisima kilichokauka, binti aliyekatishwa masomo, mpaka wa shamba na malisho unaowatia majirani vitani kila msimu. Msikilizeni mwenye jambo mpaka aseme hana zaidi. Kisha mwimbieni yeye kwanza, na akiwaambia ondoa, ondoeni, hata kama ni mstari mnaoupenda kuliko yote.

Sifa za jukwaani zitakuja au hazitakuja. Haki ya mtu kusikia habari yake ikisemwa sawasawa haisubiri umaarufu wenu, na kwa wilaya zetu hizi mbili kazi hiyo bado ni nyingi, tena ni yenu.