Je, Wajua? Maneno ya Kiingereza Yanayokaba Koo

Je, wajua kwamba "worry", neno ambalo Mwingereza leo hulitumia hata kwa basi lililochelewa, zamani maana yake ilikuwa kunyonga? Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "wyrgan": kumkaba mtu mpaka akate roho. Baadaye likapewa mbwa, yule anayemng'ang'ania kondoo shingoni na kumtikisatikisa. Maana ya mtu kukaa akisumbuka moyoni ilikuja kuzoeleka karne ya 19 tu. Ile ya mbwa haijafa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo bado inalitumia neno hilohilo, na mwenye mbwa hutiwa hatiani kwalo. Ukisoma kwamba mbwa wa fulani ame-"worry" kondoo, usidhani alikuwa akiwaza ada ya shule.

Je, wajua kwamba "anxious" nalo ni la kubanwa? Limetoka kwa Kilatini "angere", yaani kukaba au kubana. Ndugu zake ni "anguish", uchungu mkali, na "angina", yale maumivu ya kifua yanayompata mtu moyo wake usipopata damu ya kutosha. Hata "anger", hasira, ni wa ukoo huo. Sisi tusicheke: "dhiki" yetu tuliitoa kwa Waarabu, na kwao asili yake ni mahali pembamba, pasipo nafasi.

Je, wajua kwamba "mare" aliyemo ndani ya "nightmare" si farasi jike? Ni pepo aliyeaminiwa kuwakalia watu kifuani usiku wakashindwa kupumua. Mchoraji Henry Fuseli, Mswisi aliyehamia London, alimchora mwaka 1781. Mwanamke amelala kichwa kikining'inia nje ya kitanda, kijitu kibaya kimemchuchumalia juu ya mwili, na nyuma ya pazia farasi amechomoza kichwa, macho meupe kama hayana mboni. Pepo na farasi wote wamo, kwa hiyo nadhani Fuseli hakutaka kuchagua. Picha iko kwenye jumba la sanaa la Detroit, Marekani. Mswahili hahitaji kuelezwa sana, huyo ni jinamizi. Na waliokuwa Pemba na Unguja mwaka 1995 wanakumbuka jinsi pepo aitwaye popobawa alivyowatoa watu vyumbani wakalala nje, wamekusanyika kando ya moto.

Upesi upesi sasa. "Disaster", maafa, ni nyota mbaya, na wapiga ramli wa Pwani watakubali kwa furaha. "Appal" ni kumfanya mtu apauke uso. "Dismay" ni kumnyang'anya mtu nguvu. "Daunt", kumtisha mtu hata akate tamaa, limetokana na neno la Kilatini la kufuga mnyama mkali mpaka atulie. "Harrowing" ni haro, ileile inayopita shambani baada ya plau kuvunja mabonge, ila hapa inapita juu ya moyo wa mtu. Na "gruelling", la kazi au mbio za kumchosha mtu hoi, limetoka kwenye "gruel", yaani uji! Waingereza walikuwa wakisema mtu amepewa uji wake wakimaanisha ameadhibiwa. Kwetu angekiona cha mtema kuni.

Je, wajua kwamba "bug", kabla ya kuwa mdudu, lilikuwa zimwi? Biblia ya Kiingereza aliyoichapisha Miles Coverdale mwaka 1535 ilimwambia muumini katika Zaburi ya 91 kwamba hana haja ya kuogopa "bugges" wa usiku. Watu bado wanaiita Biblia ya wadudu.

Je, wajua kwamba "dismal" lilikuwa jambo la kalenda? Ni "dies mali" ya Kilatini, siku mbaya. Kalenda za Ulaya ya kale zilitenga siku mbili za nuhusi kila mwezi, 24 kwa mwaka, ambazo haikufaa kuanza safari wala kutolewa damu na tabibu. Mwaka 1849 mwandishi Thomas Carlyle akalitupia neno hilo somo la uchumi, akaliita sayansi ya nuhusi, na tusi likaganda. Wengi husema alikerwa na utabiri wa mchumi Malthus kuhusu njaa. Sivyo. Tusi hilo limo kwenye makala yake kuhusu West Indies, ambako utumwa ulikuwa umekwisha futwa. Yeye alitaka Weusi walazimishwe kufanya kazi, na wachumi walikuwa wakisema waachwe huru, soko liamue. Ningekuwa mchumi ningelitundika tusi hilo ukutani. Nako Marekani, kati ya Virginia na North Carolina, kuna kinamasi kiitwacho Great Dismal Swamp, na ndiko watumwa waliotoroka walikojificha na kuishi kwa vizazi.

Je, wajua kwamba "deadline", inayowakosesha usingizi wanafunzi na waandishi, ilikuwa mstari wa kweli? Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, gereza la Andersonville huko Georgia lilikuwa na uzio mfupi wa mbao ndani ya ukuta mkubwa. Mfungwa akiuvuka, mlinzi alimpiga risasi bila kumwonya. Kijito kilipita humo gerezani, na maji yalikuwa safi zaidi pale yalipoingilia, karibu kabisa na mstari. Wapo waliouawa wakinyoosha mkono kuchota. Kati ya wafungwa 45,000 waliopita hapo, karibu 13,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mkuu wa gereza, Henry Wirz, alinyongwa Washington tarehe 10 Novemba 1865. Magazeti ya Marekani yakaja kulichukua neno hilo mwanzoni mwa karne ya 20, likawa saa ya mwisho ya kupokea habari.

Siku hizi ofisini tunasema "dedlaini". Kiswahili kina "makataa", na halijamuua mtu. Tulitumie.