KUVUA KWA MSHIPI DAR: VIFAA, MBINU, NA JINSI YA KWENDA NA DOGO

Haya wadau, leo tunaachana kidogo na siasa na ligi. Vijana kadhaa wa hapa kwetu Mchikichini wamekuwa wakiniuliza jambo lile lile. Wakikaa kafe wanaangalia video za Wamarekani wanaovua samaki anayeitwa besi kwa fimbo za bei mbaya, halafu wanataka kujua kama hapa Bongo inawezekana. Jibu fupi: samaki huyo Dar hatunaye, lakini kazi yenyewe inawezekana sana, tena kwa hela ndogo. Najua wengine mnalipia dakika, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

BESI NI NANI, NA WETU NI YUPI?

Besi ninayemsema si ile ya kwenye spika. Ni samaki wa maji baridi kutoka Marekani, mwenye mdomo mpana, mwindaji, anayekaa kwenye majani na magogo akisubiri kitu kipite akirukie. Karibu na sisi anapatikana Ziwa Naivasha, Kenya, ambako alipandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Rekodi yake ya dunia ni kilo 10 na kidogo. Ilipatikana Georgia, Marekani, mwaka 1932, na mwaka 2009 Mjapani mmoja akaifikia katika Ziwa Biwa.

Sasa linganisheni na sangara wetu. Huyu naye kwa Ziwa Victoria ni mgeni, alipandikizwa miaka ya 1950. Rekodi ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo ni kilo 104, Ziwa Nasser kule Misri, mwaka 2000. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akimwona Mmarekani anapiga kelele kwa samaki wa kilo 3, ana haki ya kucheka.

Sisi wa Dar tuna bahari. Samaki wetu mwenye tabia zinazofanana na besi ni chewa. Mdomo mkubwa, anakaa pangoni, anasubiri, anarukia, kisha anarudi shimoni. Wapo pia changu, kolekole na chaa. Kanuni ni ile ile ya Wamarekani: ujue amejificha wapi, umpelekee chakula, umtoe kabla hajarudi nyumbani kwake.

VIFAA

Fimbo ya kukunja na rili yake ni kitu kizuri ukiwa nacho, lakini wazee wetu wa pwani wamevua kwa mshipi wa mkono miaka nenda rudi. Anza na mshipi. Kariakoo ulizia maduka ya nyavu na zana za uvuvi. Gharama ya vyote nitakavyotaja haifikii bei ya jezi ya Simba au Yanga ya dukani.

1. Nailoni. Kwa kuvua ukiwa ufukweni chukua unene wa milimita 0.40 hadi 0.50, mita 50 zinatosha. Nyembamba sana itakukata vidole, nene sana samaki anaishtukia.

2. Ndoana. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo. Hapa wengi huwa wanachanganya. Kwa chaa na changu wadogo chukua ndogo, kwa chewa panda juu kidogo. Nunua nyingi, maana mwamba utakula baadhi.

3. Chubwi, yaani ule uzito wa kuzamisha. Wavuvi wengi hutumia risasi. Mimi natumia nati kuukuu za magari, Gerezani zimejaa. Sababu ni kwamba risasi ni sumu, hasa kwa mtoto, na mtoto kila kitu anaweka mdomoni. Kama unatumia risasi, usiikaze kwa meno, na nawa mikono kabla ya kula.

4. Chupa ya maji tupu. Zungushia mshipi kwenye chupa, basi hiyo ndiyo rili yako. Ukirusha, elekeza shingo ya chupa baharini, mshipi unatoka wenyewe bila kujifunga.

5. Koleo dogo, kisu, kitambaa kizito au glavu, na ndoo.

KUFUNGA

Pitisha nailoni kwenye tundu la ndoana, irudishe, izungushe mara 5 au 6 kwenye uzi wenyewe, kisha ncha ipite kwenye kile kitundu kilichobaki karibu na ndoana. Kabla ya kukaza, ilowanishe kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu inapata joto na kudhoofika pale pale kwenye fundo, na hapo ndipo samaki wa maana anapoondoka nayo.

Chubwi likae mwisho kabisa wa mshipi. Ndoana iwe kwenye tawi fupi, kama shibiri mbili juu yake. Na hili ndilo la kukumbuka: chubwi lifunge kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi. Kwenye miamba kinachonasa mara nyingi ni chubwi. Ukivuta, uzi dhaifu unakatika, unapoteza nati moja, na ndoana pamoja na samaki vinarudi.

CHAMBO NA MAJI

Chambo kizuri kuliko vyote ni kile ambacho samaki wa mahali pale wanakula kila siku. Kamba na vipande vya ngisi havikosei, dagaa wabichi pia. Nenda Feri asubuhi, panda mwendokasi ya Kivukoni pale Fire, nunua kidogo tu, weka kwenye barafu. Ngisi ni mgumu, hatoki kwenye ndoana kirahisi, kwa hiyo anamfaa anayejifunza. Funika ndoana, lakini acha ncha ionekane kidogo.

Sasa maji. Mtu anaweza kuwa na zana za milioni akarudi mikono mitupu kwa sababu hajui maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu. Kwa Dar, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 hivi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa 4. Siku za maji mafu inageuka.

Ukiwa ufukweni, vua maji yanapojaa, hasa saa mbili za mwisho kabla hayajafika juu. Samaki wanaingia na maji kuja kula kaa na wadudu kwenye miamba iliyokuwa kavu mchana. Yakianza kupwa kwa kasi, nao wanaondoka. Ndiyo maana bamvua ya jioni, jua likiwa limepoa, ni wakati mtamu. Angalia na upepo. Kusi ikikaza, kwenye Juni hadi Agosti, mawimbi ya Coco si ya kuchezea. Kaskazi ina siku nyingi tulivu zaidi.

KUVUA KWENYEWE

Rusha, acha chubwi lifike chini, kaza mshipi mpaka ulegevu uishe, kisha uulaze juu ya kidole cha shahada. USIUZUNGUSHE MKONONI. Samaki mkubwa au mkondo ukivuta, nailoni inakata nyama.

Utasikia kudonolewa, ti-ti-ti. Hao ni wadogo au samaki anaonja, tulia. Ukisikia amevuta kwa uzito, vuta mkono mmoja mrefu kwa nguvu, mara moja, ndoana ikae. Akiwa chewa, mita mbili za kwanza usimpe nafasi hata kidogo, mtoe pangoni. Akikuwahi akaingia shimoni, usishindane naye. Legeza mshipi kabisa, subiri dakika kadhaa, mara nyingine anadhani yamekwisha na kutoka mwenyewe. Kolekole ni kinyume chake. Yeye anakimbia, kwa hiyo mwachie mshipi upite kwenye kitambaa, akichoka ndiyo umrudishe.

Akitoka majini, mtambue kabla ya kumshika. Bunju, yule anayejijaza kama puto, ana sumu inayoua na haiishi kwa kupikwa. Mrudishe. Hongwe ana miiba ya sumu kwenye mapezi, na taa anao mkiani. Ukichomwa, loweka sehemu ile kwenye maji ya moto kiasi ngozi inavyovumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali. Ndoana ikikuingia kidoleni mpaka ile ndimi yake ikazama, usiivute kinyume. Kata mshipi uende zahanati.

WAPI, NA WAPI SIPO

Miamba ya Coco na fukwe za upande wa Kigamboni zinafaa. Usivue kwenye mlango wa bandari ambako meli na pantoni vinapita. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, kuvua humo ni kosa. Ukiwa na shaka, muulize afisa uvuvi wa manispaa, hakuna gharama kuuliza. Baruti sitaki hata kuijadili. Imevunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba za hao chewa na changu, na nyumba hiyo haijengwi kwa mwaka mmoja.

KWENDA NA DOGO

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mimi huwa natoka na mpwa wangu wa miaka 8. Mwenye mtoto Mchikichini anajua hali ilivyo. Uwanja wa kucheza hakuna, mtaa umejaa bodaboda na mizigo, na bonde la Msimbazi liko hapo nyuma yetu. Ukimwambia mtoto bahari ni mbali, yeye maji anayaona karibu. Nawaona madogo wamefunga uzi kwenye kijiti, wanatafuta kambale kwenye Msimbazi.

Jamani, mto ule si wa kuvua. Unapokea maji ya vyoo na ya viwandani, na tafiti zimekuta humo metali nzito, ikiwemo risasi. Kambale anaishi kwenye tope lile lile. Kumkaanga sana kunaua vijidudu, lakini metali haiondoki kwa mafuta ya moto. Na mvua ikinyesha huko juu, maji yanashuka kwa ghafla. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar, na waliokuwa bondeni walionja.

Kumchapa mtoto ili asiende mtoni nimeona hakumzuii, anajifunza tu kwenda kwa siri. Mpeleke mwenyewe mahali salama. Haya ndiyo ninayofuata:

- Nusu ya saa za mtu mzima. Saa moja na nusu inatosha. Tuondoke akiwa bado anataka kubaki.

- Siku ya kwanza ni ya samaki wadogo. Ndoana ndogo, chambo kidogo, chaa wanaodonoa kila baada ya dakika mbili. Mtoto hahitaji samaki mkubwa, anahitaji kitu kitokee.

- Ndoana yake naibana ndimi kwa koleo. Inatoka kirahisi kwa samaki, na ikimchoma yeye pia.

- Kurusha narusha mimi, yeye amesimama nyuma yangu upande ninaouona. Ajali nyingi ni ndoana inayorudi nyuma. Kuvuta anavuta yeye. Hata samaki akitoroka, simnyang'anyi chupa mkononi.

- Haogelei, kwa hiyo anavaa jaketi la kuokolea, na nakaa umbali wa mkono wangu. Hatukai kwenye mwamba uliolowa, maana mwamba ukiwa umelowa wimbi limeshafika hapo. Na hatuipi bahari mgongo.

- Kofia, maji ya kunywa, na kitu cha kutafuna. Mtoto mwenye njaa havui, analia.

- Samaki mdogo mno tunamrudisha. Analowanisha mikono kwanza ili asimtoe ute, anamwachia taratibu. Namweleza kwamba huyo akikua ndiye tutakayemla.

Faida yake nimeiona. Dogo sasa anajua kusoma mwezi, ananiambia "mjomba, wiki ijayo bamvua" kabla mimi sijaangalia. Mtoni haendi tena, na sikumkataza kwa fimbo. Anawaambia wenzake kwamba samaki wa Msimbazi ni wachafu, na mtoto akiambiwa na mtoto mwenzake anasikia kuliko akiambiwa na mimi.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Mwanza na Kigoma tuelezeni mnavyovua huko, na wa Mombasa msikae kimya. Mwenye mbinu ya kumtoa chewa pangoni kuliko hiyo yangu, aiandike hapo chini tujifunze wote. Na wewe mwenye mdogo wako au mpwa anayezurura bondeni, Jumamosi hii angalia mwezi, nunua nailoni, mshike mkono mwende.