Bwindi: Msitu Unaogawanywa kwa Kipimo cha Mmea

Mwaka 1991 Uganda ilipoufanya msitu wa Bwindi kuwa hifadhi ya taifa, jirani zake walikatazwa kuingia kuchuma dawa, kukata kamba za vikapu na kutunza mizinga yao ya nyuki. Serikali ilikuwa na hoja nzito. Bwindi, kusini-magharibi mwa nchi, ni makazi ya karibu nusu ya sokwe wa milimani waliobaki duniani. Sensa ya 2018 ilihesabu 459 humo na katika msitu wa Sarambwe, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Lakini mashamba ya Wakiga yanafika hadi ukingoni mwa msitu, na marufuku ile ilizaa chuki. Moto ulipowaka hifadhini, wengi hawakwenda kuuzima.

Wahifadhi wakaona kwamba askari peke yao hawataulinda msitu. Wakisaidiwa na shirika la CARE, walikaa na wanavijiji, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 makubaliano ya kwanza yalikuwa yametiwa saini. Sehemu chache za hifadhi zilitengwa kuwa maeneo ya matumizi. Kijiji chenyewe ndicho kinachowateua watakaoingia, na hao huingia kwa kibali, katika msimu maalumu na kwa kiasi kilichopangwa.

Kiasi hicho hupangwaje? Hapa sayansi ya mimea inakutana na elimu ya waganga na wasusi. Swali la kwanza ni sehemu gani ya mmea inatakiwa. Anayechuma majani huuacha mmea hai. Anayebandua gome hugusa tishu zinazosafirisha chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Akilizungusha shina zima, mti hufa. Anayeng'oa mzizi mara nyingi huondoka na mmea wote. Swali la pili ni kasi ya kuota upya, na la tatu ni ukubwa wa soko.

Chukua nyakibazi, mti mdogo ambao gome lake hutumika kutibu minyoo ya tumbo. Wanaolihitaji ni wengi, kwa hiyo huvunwa kwa mgawo, na watu huhimizwa kupanda miti hiyo mashambani. Omujega, mmea utambaao unaosukiwa vikapu vya chai na machela ya kubebea wagonjwa milimani, hukua polepole mno. Machela hudumu miaka mingi, hivyo kijiji kinahitaji chache. Vikapu vya kuuza havina kikomo, na vingeumaliza. Ufugaji wa nyuki ndio uliokuwa mwepesi kukubaliana: mzinga haukati kitu, na hatari iliyobaki ni moto wa kufukizia moshi. Mbao na nyama ya porini havikuruhusiwa kabisa, kwa kuwa kitanzi kilichotegewa paa hunasa pia mkono wa sokwe.

Faida ya fedha imekuwa ndogo. Kubwa zaidi ni uhusiano: watafiti waliofuatilia mpango huu walikuta uhasama umepungua. Hata hivyo walikuta kwamba maskini zaidi bado huingia msituni kwa siri, baadhi kwa njaa, wengine kwa hasira ya kuona fedha za utalii zikiwapita. Sheria inarudisha kwa jamii jirani asilimia 20 ya ada za kiingilio hifadhini, lakini si kila kaya huonja fungu hilo.

Waliopoteza zaidi ni Wabatwa, waliokuwa wakiwinda na kukusanya chakula msituni, wakaondolewa bila ardhi ya kuhamia. Kibali cha kubandua magome hakifidii makazi. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba Wabatwa walitengwa na wanastahili hatua maalumu za kurekebisha hali yao. Mgawo wa gome waweza kupangwa kwa kupima kasi ya mti kupona. Deni la ardhi linahitaji makubaliano yake, na wadai wakiwa mezani tangu mwanzo.