Anayelindwa Hana Budi Kuulizwa

Mlinzi wa usiku hujulikana na mwenye duka. Mwenye duka ndiye aliyemwajiri, ndiye amlipaye, na ndiye awezaye kumwambia asimame hapa wala asisimame pale. Lakini mtu aliyejificha juu ya paa kwa amri ya mwingine, akiandika daftarini kila aingiaye na kila atokaye, huyo hawezi kuitwa mlinzi wa duka. Huyo anampeleleza mwenye duka.

Ndugu wasomaji, tumeuanza mfano huu kwa sababu siku hizi kazi ya kuandika daftari hufanywa na kamera. Kamera hailali, haichoki, wala haidai mshahara wa saa za ziada. Huning'inizwa juu ya mlingoti, ikasoma namba ya gari lipitalo, ikaiweka pamoja na saa na mahali, na habari hizo zikakaa katika ghala la polisi hata baada ya mwenye gari kusahau kwamba aliwahi kupita njia ile. Je, anayetazamwa ana haki ya kuulizwa kabla? Jambo hili limekwisha kupimwa katika miji miwili ya ng'ambo, na yafaa tuyatazame yaliyotokea huko.

Mji wa kwanza ni Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni mji mdogo, wenye watu wapatao laki moja tu, ingawa sifa yake ni kubwa kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Harvard. Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilitoa dola milioni 4.6 ili kamera ziwekwe katika miji tisa ya eneo la Boston. Cambridge ikapata kamera nane. Zilikwisha kufungwa mahali pake, na fedha hazikutoka katika mfuko wa mji. Ungedhani hapana mwenye sababu ya kulalamika.

Hata hivyo wananchi waliuliza: picha zitatunzwa na nani? Nani atakayeruhusiwa kuzitazama? Zitakaa muda gani kabla ya kufutwa? Nani atakayejibu zikitumiwa vibaya? Majibu hayakuwaridhisha. Tarehe 2 Februari 2009 madiwani wote tisa, bila ya hata mmoja kupinga, walipiga kura kwamba kamera zile zisitumiwe. Tena hawakuishia hapo. Mwezi wa Desemba 2018 halmashauri hiyo hiyo ilipitisha sheria kwamba chombo cha kuwapeleleza watu kisinunuliwe wala kisitumiwe mpaka kwanza madiwani wakijadili hadharani na kukikubali. Yaani waligeuza upinzani wa siku moja ukawa kanuni ya kudumu.

Mji wa pili ni Birmingham, Uingereza. Huu ni mji mkubwa, lakini habari yetu ni ya mitaa michache tu: Sparkbrook, Washwood Heath na mitaa iliyo jirani. Wakazi wengi wa huko ni Waislamu, na wengi ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi waliotoka Pakistani kwenda kuvuja jasho katika viwanda vya chuma na vya magari vya mji huo. Katika mitaa hiyo palianza kuchomoza milingoti. Watu walipouliza, waliambiwa kwamba ni kwa faida yao: kuzuia wizi wa magari, biashara ya madawa ya kulevya na uhuni wa barabarani. Nani angekataa? Hakuna mchukia wezi kama maskini, kwa maana aibiwapo hana akiba ya kununua kingine.

Mwaka 2010 gazeti la Guardian la Uingereza liliifunua siri. Mpango huo, ulioitwa Project Champion, ulikuwa wa kamera 218, na 72 kati yake zilikuwa za kufichwa. Zilipangwa kuzunguka mitaa hiyo hata gari lisiweze kuingia wala kutoka bila ya namba yake kusomwa. Na fedha zake, paundi milioni 3 hivi, zilitoka katika fungu la kupambana na ugaidi. Kumbe mtaa mzima, pamoja na wazee wake, akina mama wake na watoto wake wa shule, ulikuwa umetiwa katika orodha ya watuhumiwa, na madiwani wake wenyewe hawakuelezwa ukweli.

Hasira ilikuwa kubwa. Wakazi walikutana, wakasema, wakadai. Waislamu na wasio Waislamu walisimama pamoja, kwa kuwa kila mmoja aliona kwamba aliyedanganywa leo ni jirani yake na kesho ni yeye. Polisi walilazimika kuzivika kamera mifuko ya plastiki ili watu waone kwamba hazitazami. Mwezi wa Septemba 2010 Bibi Sara Thornton, aliyekuwa mkuu wa polisi wa jimbo la Thames Valley, alitoa ripoti ya uchunguzi wake, akaulaumu mpango wote: sheria haikuzingatiwa inavyopasa, na kuficha nia yake kulivunja imani ya wananchi. Mkuu wa polisi wa huko, Bwana Chris Sims, aliomba radhi. Mwaka 2011 kamera zikang'olewa.

Sasa tuwe waadilifu. Polisi wa Uingereza hawakuwa wakiota. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yaliua watu 52 waliokuwa wakisafiri katika mji wa London, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Serikali isiyojishughulisha na usalama wa wafanyakazi wake haistahili kuitwa serikali. Lakini mwenye nia ya kuua hukamatwa kwa habari, na habari hutoka midomoni mwa watu: jirani, shangazi, mwalimu, mwenye duka. Ukimdanganya jirani huyo, umejinunulia mlingoti kwa kuuza sikio. Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya Project Champion ilikuwa fupi kweli kweli.

Wako wasemao, “Asiye na hatia anaogopa nini?” Maneno haya ni matamu kwa asemaye lakini si kweli. Mtu asiye na hatia hufunga pazia usiku. Mtu asiye na hatia huenda msikitini, kanisani, kwa wakili, na katika mkutano wa chama cha wafanyakazi unaopanga kudai mshahara bora. Hakuna kosa hata moja hapo. Lakini ajuaye kwamba kila hatua yake inaandikwa, na hajui inaandikwa na nani, mwisho wake atabaki nyumbani. Mkutano utakosa watu bila ya askari mmoja kuinua rungu. Hiyo ndiyo hasara ambayo haionekani katika hesabu za gharama.

Jambo hili haliko ng'ambo peke yake. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitia mkataba wa kuwafungia polisi kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa. Hatusemi kwamba kila kamera ni adui. Tunasema kwamba kila kamera ina bwana, na bwana huyo lazima ajulikane. Yatupasa kuuliza mambo manne kabla ya mlingoti kusimikwa: nia yake hasa ni nini, fedha zinatoka wapi, habari zitatunzwa na nani na kwa muda gani, na mwananchi aliyeonewa atakwenda kulalamika kwa nani.

Watu wa Cambridge waliuliza mapema, wakaamua kwa kura. Watu wa Sparkbrook hawakuulizwa, nao walilazimika kudai kwa hasira kile ambacho kingepatikana kwa kikao kimoja cha ukweli. Mlinzi wa kweli hubisha hodi kwanza.