Acha Kuuliza Kama Wanapokea Blue Cross

Kila Novemba, dirisha la kujiandikisha bima ya afya linapofunguliwa hapa Texas, swali ni lile lile. Mama mjamzito wa Fort Worth analiuliza, dereva wa lori wa Houston analiuliza, na vijana wa Amarillo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanaliuliza kwa niaba ya wazazi wao: "Hospitali ile wanapokea Blue Cross?" Sasa nakataa kulijibu. Ni swali baya. Jibu lake haliwezi kukusaidia hata likiwa la kweli, na mara nyingi "ndiyo" ya mtu wa mapokezi ndiyo inayomletea mgonjwa bili ya maelfu ya dola.

Nasema na wanaojinunulia bima wenyewe kwenye Soko la Bima, yaani HealthCare.gov. Wenye bima ya kazini na wenye Medicaid wana taratibu zao.

Tuanze na jina lenyewe. Blue Cross Blue Shield si kampuni moja. Ni nembo inayotumiwa na kampuni zaidi ya 30 zinazojitegemea, kila moja na eneo lake. Ya Texas si ya Ohio wala ya Iowa. Hata ukibaki ndani ya Texas, kampuni hiyo hiyo moja inauza mitandao tofauti, yaani orodha za madaktari na hospitali zenye mkataba nayo. Wafanyakazi wa makampuni makubwa huwa na PPO, bima yenye mtandao mpana inayolipia sehemu hata nje yake. Wewe unayenunua sokoni hupati hiyo, kwa sababu PPO za watu binafsi kampuni iliziondoa mwishoni mwa 2015. Ulichobakiziwa ni HMO, ambazo isipokuwa kwa dharura hulipia ndani ya mtandao tu, zenye majina kama Blue Advantage na MyBlue Health, na kila moja ina orodha yake ya madaktari. Nembo juu ya kadi ni ile ile. Kujua ukoo wa mtu hakukuonyeshi mlango wa nyumba yake.

Ndiyo maana ushauri wa shemeji yako hauna thamani hapa. Yeye anafanya kazi kiwanda cha nyama, bima amepewa na mwajiri, na alipofanyiwa upasuaji kila kitu kililipwa. Anakwambia kwa moyo safi: "Chukua hii, inapokelewa kila mahali." Anachosema ni kweli kwa kadi yake. Wewe ukinunua mpango wa Soko wenye nembo hiyo hiyo na kwenda kwa daktari yule yule, unaweza kukuta uko nje ya mtandao kabisa.

Na mapokezi nako? Ukipiga simu na kuuliza kama wanapokea bima fulani, dada anayejibu hakudanganyi. Anajua wana mkataba na mpango mmojawapo wa kampuni hiyo, basi anasema ndiyo. Au anamaanisha kwamba ofisi yao itaituma bili kwa kampuni yako, na hilo wanaweza kulifanya hata kama hawana mkataba wowote nayo. Bili itatumwa, kampuni itaikataa, kisha itarudi kwako. Hakuna aliyesema uongo, na wewe ndiye unayedaiwa.

Wengi wananiambia hizi ni hila za kampuni za bima. Nataka waelewe chanzo chake, maana asiyekijua atarudia kosa mwaka ujao kwa nembo nyingine. Sheria ya bima ya 2010 ilikataza kampuni kumkataa mgonjwa au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa wake. Ilikuwa hatua njema. Lakini ruzuku ya serikali ikafungwa kwenye bei ya mpango wa ngazi ya Silver ulio wa pili kwa unafuu katika eneo lako. Kampuni ikipandisha bei juu ya hapo, mteja ndiye anayelipa tofauti yote, naye huhamia kampuni nyingine. Kwa hiyo kampuni hushindana kwa bei ya mwezi. Kwa vile haziruhusiwi kuwachagua wagonjwa, huchagua hospitali. Hospitali kubwa za vyuo vikuu na vituo mashuhuri vya saratani hutoza ghali, na mara nyingi ndizo za kwanza kuachwa nje.

Matokeo yake yanapimika. Uchunguzi wa KFF, shirika la utafiti wa sera za afya, uliotumia takwimu za 2021, ulionyesha kwamba kwa wastani mtu mwenye mpango wa Soko aliweza kuwafikia asilimia 40 tu ya madaktari wa karibu na kwake kupitia mtandao wa mpango wake. Asilimia 23 ya wenye mipango hiyo walikuwa na mitandao yenye robo ya madaktari wa eneo lao au chini ya hapo. Waliokuwa na zaidi ya robo tatu walikuwa asilimia 4. Basi anayekuhakikishia kwamba kadi ya Soko "inafanya kazi kila mahali" anakupoteza, awe mchungaji wako, fundi wako wa nywele au wakala anayelipwa kwa kila kadi anayouza.

Sasa uone nje ya mtandao kukoje. Mwaka 2026 sheria imeweka kikomo cha dola 10,600 kwa mtu mmoja na 21,200 kwa familia: ukishatoa kiasi hicho mfukoni kwa matibabu, bima inalipa yote yaliyobaki mpaka mwaka uishe. Watu hukikariri kikomo hicho na kulala usingizi. Kinahesabu huduma za ndani ya mtandao peke yake. Ukienda mwenyewe kupasuliwa goti katika hospitali isiyo ya mtandao, HMO yako, au EPO ambayo nayo hulipia ndani ya mtandao tu, haitoi hata senti, na ulichotoa hakihesabiwi kwenye kikomo. Bili ya dola 40,000 inabaki dola 40,000. Hata chanjo na vipimo vya kinga ambavyo sheria inasema ni bure, ni bure ndani ya mtandao tu.

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Lakini kuna sheria ya kuzuia bili za kushtukiza." Ipo, tangu 1 Januari 2022, na ni sheria nzuri. Ukikimbizwa chumba cha dharura, hospitali yoyote ile, unatozwa kama mtu wa ndani ya mtandao. Ukipasuliwa katika hospitali ya mtandao na daktari wa usingizi akawa wa nje, hawezi kukuletea bili yake ya ziada. Helikopta ya wagonjwa imo. Ambulensi ya barabarani haimo, na wengi hulijua hilo wakiwa na bili mkononi. Wala sheria hiyo haimlindi aliyepanga miadi yake mwenyewe, akaingia kwa miguu yake katika hospitali ya nje ya mtandao kwa kuwa mapokezi walimwambia "tunapokea". Wanaoitumia idara ya dharura kama kliniki ili kuukwepa mtandao wanajiumiza pia, maana dharura ikiisha ulinzi unaisha, na matibabu ya kufuatilia yanarudi kwenye masharti ya mpango.

Swali sahihi lina sehemu nne, nalo huulizwa idara ya bili, si mapokezi: "Je, daktari huyu, katika kliniki hii, yuko ndani ya mtandao wa mpango huu, kwa mwaka huu?" Utaje mpango kwa jina lake lote kama lilivyoandikwa kwenye HealthCare.gov, pamoja na herufi HMO au EPO zilizo mwishoni. Daktari mmoja anaweza kuwa ndani ya mtandao kwenye kliniki ya Arlington na nje yake kwenye kliniki ya Dallas. Hospitali iulizwe peke yake, maana daktari kuwa ndani hakumaanishi kwamba hospitali anayolazia wagonjwa wake imo.

Kabla ya simu hiyo, fungua orodha ya madaktari ya kampuni, ya mpango huo hasa, na upige picha ukurasa wenye jina la daktari wako na tarehe. Orodha hizi huoza. Mwaka 2023 watumishi wa Kamati ya Fedha ya Seneti waliwapigia simu watoa huduma 120 wa afya ya akili walioorodheshwa katika mipango ya Medicare Advantage, wakafanikiwa kupata miadi kwa asilimia 18 tu. Hiyo ni bima ya aina nyingine, lakini ubovu wa orodha ni ule ule. Ile picha ni kinga yako: ukitibiwa kwa kuamini orodha iliyokosewa, sheria inaitaka kampuni ikutoze kiwango cha ndani ya mtandao.

Mengine nayataja haraka. Kipato chako kikiwa hadi asilimia 250 ya kiwango cha umaskini, yaani dola 39,125 kwa mtu mmoja au 80,375 kwa familia ya watu wanne kwa bima ya 2026, angalia Silver kwanza, maana punguzo la gharama za matibabu linapatikana humo tu. Anayekimbilia ngazi ya Bronze kwa ada ndogo analitupa. Dawa zako zitafute kwa jina na kipimo chake katika orodha ya dawa ya mpango. Ukichukua HMO, jua ni nani daktari wako wa msingi na kama unahitaji rufaa yake kabla ya kumwona bingwa. Bima iuzwayo kwa simu ya ghafla, au "mfuko wa kuchangiana" wa kidini, mara nyingi si mpango wa Soko wala haifungwi na sheria nilizozitaja. Ukihama kaunti, ukioa, ukijifungua au ukipoteza bima ya kazini, una siku 60 za kubadilisha. Daktari wako akijitoa kwenye mtandao katikati ya mwaka, huna nafasi hiyo, ingawa mjamzito au mwenye ugonjwa mzito anaweza kuomba aendelee kutibiwa naye kwa siku 90. Wakimbizi na waliopewa hifadhi, hili lenu: kwa sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025, kuanzia 1 Januari 2027 asiye na grinikadi hatapata ruzuku ya Soko. Mkimbizi aliyekaa mwaka mmoja Marekani anatakiwa aombe grinikadi; asingoje.

Bima ya kuanza 1 Januari huchaguliwa kabla ya 15 Desemba kupita, na haianzi kazi mpaka ulipe ada ya mwezi wa kwanza. Kwa msaada piga simu ya Soko, 1-800-318-2596. Useme "Swahili" na usubiri mkalimani. Ni haki yako na hulipii chochote. Usikubali mtoto wako wa miaka 12 akutafsirie masharti ya bima.