Mwenzako Akizimia kwa Pombe, Usingoje Kuche

Hapa Kongo, matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yanapotoka, kijana anatuma namba yake kwa simu, jibu linarudi, na kabla hajamaliza kulisoma wenzake wamekwisha kummwagia poda kichwani mpaka kope zinakuwa nyeupe. Pikipiki zinapiga honi barabara nzima. Kreti ya bia ya Primus inafunguliwa hata fufu haijaiva. Wa universite nao wana sherehe zao: ubatizo wa wanafunzi wapya, na karamu ya siku ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo. Mimi ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya upande wa Omate. Furaha hiyo naipenda, maana najua wazazi wamejinyima nini ili ifike. Lakini naijua pia sura yake ya usiku wa manane, inapofika mlangoni kwetu juu ya tipoyi, machela ya kienyeji.

Omate ni machimbo ya dhahabu katika teritware ya Walikale, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2010 jina lake liliingia katika ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu ya wakubwa wa jeshi waliotia mkono katika dhahabu yake. Kwa wanafunzi wetu Omate ni mahali pa kutafutia minerval, yaani karo ya masomo. Likizo ikianza, wanaweka madaftari pembeni, wanashika beleshi na beseni, wanaosha mchanga. Wasipopata kitu wanakula kwa deni. Wakipata, pesa inawafikia jioni, mahali ambapo pombe iko karibu kuliko dawa: bia iliyobebwa kwa pikipiki toka mbali, na bia ikiwa ghali, kuna pombe za kienyeji: kasiksi, lotoko na kanyanga. Kijana aliyechimba tangu asubuhi bila kula anakunywa kwa saa moja kile ambacho mzee wa kijiji angekunywa kutwa.

Tuhesabu pamoja. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72 yenye nguvu ya asilimia 5, ina karibu gramu 28 za pombe halisi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akifikisha gramu 60 kwa mkao mmoja, huo ni ulevi wa kupindukia. Ni chupa mbili na kidogo tu. Ini la mtu mzima linaondoa karibu gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa moja inalichukua saa tatu au nne. Aliyemaliza chupa tatu kwa haraka amelipa ini lake kazi ya usiku kucha. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi ya kumwagiwa kichwani, wala kutembezwa. Na lotoko haina karatasi ya kuonyesha nguvu yake; kila mpishi ana moto wake.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni hili: mtu akiacha kunywa, kulewa hakujaacha. Pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia katika damu. Anayeonekana analala vizuri saa nne za usiku anaweza kuwa mahututi saa sita.

Mmoja aliletwa kwetu alfajiri. Alikuwa mwaka wa pili wa universite huko Goma. Wenzake wanne walimbeba kwa tipoyi, mianzi miwili na kitenge kilichofungwa katikati, miguu yao imejaa tope mpaka magotini. "Muganga, amelewa tu," waliniambia. Nilimwita, hakujibu. Nilimsugua mfupa wa kifua kwa ngumi, akatoa mguno mdogo. Ngozi ilikuwa baridi, kucha zimegeuka rangi. Nilihesabu pumzi zake dakika nzima: saba. Nikamtoboa kidole. Sukari ilikuwa chini sana, na kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha mistari miwili. Kijana yule alikuwa na pombe, njaa na malaria katika mwili mmoja, na kila moja peke yake ingeweza kumuua.

Ini likishughulika na pombe linashindwa kutengeneza sukari mpya, ndiyo maana aliyekunywa na njaa anazimia upesi. Malaria nayo inaweza kuzimisha akili ya mtu, na kwa macho haitofautiani na ulevi. Aliyeanguka na kugonga kichwa vilevile. Harufu ya pombe inaficha yote hayo, watu wanasema "mwacheni alale", na ugonjwa unapata usiku mzima wa kufanya kazi yake.

Niliwauliza wenzake alianza lini kutojibu. Tangu giza lilipoingia, wakasema. Na kwa nini mlingoja? Mmoja akajibu bila kuficha: "Muganga, tuliogopa fakture."

Siwezi kuwalaumu. Katika nchi yetu sehemu kubwa ya gharama za matibabu inatoka mfukoni mwa mgonjwa na jamaa zake. Anayemleta mgonjwa ndiye anayeulizwa garanti, yaani pesa ya kutanguliza. Kuna fishi, kuna vipimo, kuna seromu, glukozi, sindano na kitanda. Na kituo kikishindwa, kuna pikipiki ya kumpeleka hospitali, mgonjwa akiwa amebanwa katikati ya dereva na ndugu anayemshika. Kijana yule alipona. Lakini hospitali aliyopelekwa ilimzuia baada ya kupona mpaka deni liishe, na mama yake akauza mbuzi wawili na maharagwe aliyoweka kwa ajili ya mbegu. Minerval iliyotafutwa Omate ikaishia hapo hapo.

Woga huu hauko kwetu peke yetu. Marekani, nchi tajiri, karibu wanafunzi 1,500 wa vyuo wenye umri wa miaka 18 hadi 24 wanakufa kila mwaka kwa mambo yanayotokana na pombe, ajali zikiwemo. Huko sheria ya mwaka 1986 inalazimisha hospitali kumpokea mgonjwa wa dharura hata kama hana pesa, ila fakture inamfuata nyumbani, na inaweza kuwa nzito ajabu. Wanafunzi walikuwa wanaogopa pia adhabu ya chuo. Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 2002, kilianza utaratibu wa kutomwadhibu anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe. Walielewa kwamba ukitaka watu waite mapema, lazima kwanza uondoe kinachowatisha.

Sisi hapa kinachotutisha ni pesa, basi tuanzie kwenye pesa. Vijana wanajua likelemba, ule mchango wa zamu. Wanachanga kwa ajili ya kreti, poda na muziki. Kabla ya kununua chupa ya kwanza, wachange sehemu ya matibabu na kumkabidhi mmoja ambaye siku hiyo hatakunywa. Isipotumika, inarudi. Wazazi nao waingie katika mituele ya afya, chama cha kuchangiana matibabu, ambayo sheria ya nchi imeipa misingi tangu 2017. Pale ambapo matibabu ni bure, kama ilivyokuwa katika hospitali kuu ya Masisi baada ya Madaktari Wasio na Mipaka kuanza kuisaidia mwaka 2007, watu waambiwe wazi, kwa sababu wapo wanaokufa nyumbani wakidhani watadaiwa. Na sisi wa vituo vya afya, tumpokee mgonjwa kwanza na kuuliza garanti baadaye. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya afya, nacho hakikumtenga aliyelewa.

Kwako kijana unayesoma haya: mwenzako akizimia, mwite kwa jina na umfinye. Asipoamka, mlaze ubavu, kichwa kikielekea nyuma kidogo na mdomo ukitazama chini ili matapishi yatoke yasimkabe. Mfunike. Usimtie kitu mdomoni, usimwache peke yake. Hesabu pumzi: zikiwa chini ya nane kwa dakika, au zikikatika kwa sekunde kumi, beba tipoyi sasa hivi. Ikiwa alikunywa pombe ya kienyeji na kesho yake analalamika macho yanaona ukungu, huenda ni sumu ya methanoli, ile iliyoua watu zaidi ya 60 nchini Kenya mwezi wa Mei 2014, naye usimcheleweshe.

Mgonjwa wa saa mbili za usiku mara nyingi tunamtibu kwa glukozi, dawa ya malaria na uangalizi. Yule yule akiletwa alfajiri anahitaji hospitali, na pengine jeneza. Kuchelewa ndiko kunakoifanya fakture iwe kubwa. Mleteni mapema, pesa tutazizungumza akiwa hai.